Fardhi Iliyo Shingoni mwa Mji

Wanavyuoni wa fikihi, walipozipanga faradhi za mja, walizigawa mafungu mawili: iko fardhi ya aini, ambayo kila mtu hudaiwa kwa nafsi yake wala hakuna awezaye kumlipia, kama sala na saumu, na iko fardhi ya kifaya, ambayo deni lake ni la jamaa nzima, wakiitimiza baadhi yao waliosalia husamehewa, na asipopatikana hata mmoja wa kuitimiza dhambi huwaenea wote, tajiri na maskini, mwanachuoni na mbumbumbu. Mfano ambao watoto wa chuoni hufundishwa mwanzo ni wa maiti, ambaye sharti aoshwe, avishwe sanda, asaliwe na azikwe. Lakini Imamu Ghazali, aliyefariki dunia mwaka 1111, aliandika katika Ihya Ulumuddin jambo ambalo darasani aghalabu hupitwa mbiombio: kwamba kilimo, ufumaji, ushonaji, utabibu, hisabu, na hata ile kazi duni machoni pa watu ya kupiga chuku ili kutoa damu mbaya, zote zimo katika fungu hilohilo, kwa kuwa mji ukikosa mtu wa kazi hizo wakazi wake huyakimbilia maangamizi, na kwa kuwa yeye aliyeteremsha ugonjwa ndiye aliyeteremsha dawa na kuonyesha njia ya kuitumia, haujuzu udhuru wa kuketi na kungoja.

Nataka kuichukua hukumu hiyo vitabuni na kuiweka Arusha, chini ya mlima Meru, ambako Waislamu ni sehemu tu ya watu, na ambako Walutheri wameenea tangu wamisionari wa Leipzig walipojenga Nkoaranga mwaka 1902. Maana swali lenyewe halibagui msikiti na kanisa. Serikali inapotoa mali ya umma ikajenga chuo cha ufundi, ikakizungushia ukuta, ikakitia mashine na walimu, je, deni la mji limeshuka shingoni, ama limehamishwa tu daftari?

Haitakuwa insafu kusema kwamba serikali imelala. Chuo cha Ufundi Arusha kilianza mwaka 1978 kwa ushirika wa Tanzania na Ujerumani Magharibi. Mwaka 1980 ilianzishwa TEMDO, taasisi ya kusanifu mitambo, na mwaka uliofuata CAMARTEC, inayoshughulika na zana za kilimo na ufundi wa vijijini, ambayo mitambo yake ya gesi ya samadi imewapunguzia kina mama wengi mzigo wa kuni. Sheria ya mwaka 1994 ikaleta VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambayo ina chuo cha hoteli na utalii huko Njiro. Hata kwenye mto Kikuletwa, wilayani Hai, palipokuwa na mtambo mkongwe wa umeme wa maji, Chuo cha Ufundi Arusha kimejengewa, kwa fedha ya mradi wa Benki ya Dunia, kituo cha kufundishia nishati jadidifu. Fauka ya hayo, katika miaka hii ya karibuni serikali imeingia katika ujenzi wa vyuo vya VETA katika wilaya 64 zilizokuwa hazina, pamoja na kimoja cha mkoa wa Songwe. Mwenye kuhesabu matofali peke yake atasema deni limelipwa na chenji ikarudi.

Walakini Ghazali hakuhesabu matofali. Alitazama miji ya zama zake akaona imejaa wanafunzi wa fikihi, hasa ile fikihi ya mabishano, ilhali mji mzima hauna tabibu ila mtu wa dini nyingine. Naye hakuona haya kutaja sababu. Utabibu, alisema, haumfikishi mtu kwenye usimamizi wa wakfu na wasia, wala kwenye mali ya mayatima, wala kwenye kiti cha kadhi, wala kwenye baraza la watawala. Watu waliikimbilia faradhi ambayo wengine walikwisha kuitimiza, wakaiacha ile iliyokuwa tupu, kisha wakajiita watafutao radhi za Mungu! Imepita miaka zaidi ya 900, na malalamiko hayo yanawafaa vilevile vijana wetu ambao kwa maelfu hutafuta stashahada za uhasibu, utawala na masoko, kwa tamaa ya kiti kilicho nyuma ya meza. Simdharau mhasibu, kazi yake nayo ni kifaya. Ila nafasi yake imekwisha kupata watu, na foleni ya wanaoingoja inazunguka nyumba.

Ndipo inapodhihiri kwamba faradhi ya namna hii haipimwi kwa taifa zima kwa mkupuo mmoja. Mafakihi wa Kishafii, ambao ndio viongozi wa pwani yetu, waliweka hata masafa: asipatikane mufti mbali kiasi ambacho mwenye swali atalazimika kufunga safari ndefu kumfikia. Kwa kiasi hichohicho, mafundi bomba waliojaa Dar es Salaam hawamwondolei mtu wa Ngare Nanyuki dhima yake. Sharti mtu asimame mahali, atazame palipo tupu, aulize ni kazi gani hapa haina mwenyewe.

Hapa Meru, palipo tupu zaidi kwa maoni yangu ni kwenye maji. Mlima huu ni volkano, na maji yanayochuruzika katika miamba yake hubeba floraidi kwa wingi kuliko mwili wa binadamu unavyostahimili. Shirika la Afya Duniani huelekeza isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 8, kwa sababu ya kukosa maji mengine ya kuwapa watu. Watoto waliokulia katika vijiji vya mashariki na kaskazini ya mlima hutambulikana kwa meno yaliyogeuka kahawia, na waliokunywa zaidi hupindika miguu wangali wadogo au hukakamaa mgongo wakiwa watu wazima. Kuyachemsha maji hakusaidii kitu. Kunayapunguza maji na kuiacha floraidi palepale. Haya si mambo ya siri. Kituo cha Ngurdoto, kilicho chini ya wizara ya maji, kimetafiti kwa muda mrefu njia ya kuyapitisha maji katika mifupa ya ng'ombe iliyochomwa ikavunjwavunjwa, na mwaka 2015 Dakta Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, pale Tengeru, alitunukiwa na chuo cha wahandisi cha Uingereza ile tuzo ya uhandisi ya Afrika, ikiwa inatolewa kwa mara ya kwanza, kwa chujio lake la maji. Ilimu, basi, ipo, tena ipo mlangoni.

Kinachokosekana ni mtu. Mfupa huo wa kuchujia hushiba; unafika wakati hauivuti tena floraidi, na anayekunywa hawezi kujua, maana haina rangi wala harufu wala ladha ya kumtahadharisha. Yatakikana awepo kijijini, siku zote, mtu ajuaye kuyapima maji, kuutoa mfupa uliokwisha kazi na kutia mwingine, kuziba bomba linalovuja, na kuwa na moyo wa kuwaambia jirani zake kwamba chujio la shule leo lisitumike. Mtu huyo hahitaji shahada. Anahitaji mafunzo ya mwaka mmoja au miwili, vipimo visivyomwishia, na ujira usiokatika wafadhili wanapoondoka. Jiji la Arusha limepata mradi wa maji wa shilingi bilioni 520, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini kila futi ya bomba jipya imezidisha haja ya mtu huyo badala ya kuipunguza. Mtaalamu aliyevumbua na waziri aliyezindua wametimiza yao. Asipokuwako wa kubadilisha mfupa, hukumu ya mafakihi inabaki palepale, na dhambi ni ya sote.

Mfano wa vito nitaupitia kwa ufupi, kwa kuwa kila mtu wa Arusha anaujua. Tanzanaiti iligunduliwa Mererani mwaka 1967, na haichimbwi kwingine kokote duniani. Wachimbaji, waitwao wanaapolo, huishukia kwenye mashimo marefu, mabroka huizungusha mkononi, kisha sehemu kubwa ikapelekwa Jaipur, India, ikakatwe na kung'arishwa na mikono ya watu ambao hawajauona mlima hata kwa picha. Kituo cha Jemolojia Tanzania kiko Arusha na kinafundisha kazi hiyo hiyo. Swali la kujiuliza ni kwa nini kijana wa hapa, mwenye jiwe na mwenye chuo, bado huona heshima iko zaidi katika kuwa broka kuliko katika kuketi kwenye gurudumu la kukatia.

Jibu liko katika dharau, na dharau hiyo ina nasaba ndefu. Waandishi wa mwanzo wa karne ya 20 waliosimulia habari za Wamasai wameeleza juu ya koo za wahunzi, Ilkunono, ambao walifua mikuki na sime za morani wote, ilhali hakuna aliyetaka kuwaoa binti zao. Mkono wa mhunzi ulihesabiwa kuwa na najisi, na silaha iliyotoka kwake ilipakwa mafuta kwanza ili isafike kabla haijashikwa. Tafadhali, msomaji, usilipite jambo hili kama kioja cha kale. Hapo palikuwa na umma ambao fahari yake yote ilisimama juu ya ncha ya chuma, uliokuwa ukijua wazi kwamba bila mhunzi haukuwa na ulinzi wala jina, na umma huohuo ukaipenda kazi ya mikono yake na kuuchukia mkono wenyewe. Sisi wa leo hatupaki mafuta. Mzazi wa Sakina au wa Usa River hulipeleka gari lake kwa fundi wa mtaa wa Unga Limited, akamsifu kuwa ni mchawi wa injini, kisha mwanawe akifeli kidato cha nne humtishia: “Utaishia gereji!” Chuo cha ufundi kimefanywa kuwa mahali pa kutupia walioanguka mtihani, na bajeti ya mabilioni haiwezi kuisafisha najisi ambayo wazazi wenyewe wanaendelea kuitia kwa ndimi zao.

Hata hivyo nitakuwa dhalimu nikimlaumu mzazi bila kumsikiliza, kwa kuwa hofu yake ina sababu. Tume ya elimu ya Phelps-Stokes ilipozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 ilihimiza kwamba elimu ya Mwafrika ifuate mazingira yake, shamba lake na kazi ya mikono yake. Maneno yanayosikika matamu, na wengine waliyasema kwa nia njema. Lakini babu zetu waliyasikia katika nchi ambayo ofisi, mahakama na mashamba makubwa vilikuwa mikononi mwa wengine, katika mlima ambao mwaka 1951 Wameru walifukuzwa Ngare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi, hata Kirilo Japhet akaenda kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata. Walielewa upesi kwamba anayekuambia usome useremala huku mtoto wake akisoma sheria hauheshimu useremala, anajilinda usimfikie. Shuku hiyo imerithiwa. Na leo mtu akija akisema, “Tuwafundishe vijana wa Meru kazi ambazo Meru inazihitaji,” mzazi mwenye akili ana haki ya kuuliza: je, mwanangu ameumbwa kwa ajili ya mahitaji ya mahali? Kama moyo wake unataka anga, je, mtamfunga kwenye mfereji?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote katika jambo hili, wala sioni kwamba wachumi, wenye kuzungumza juu ya soko la ajira, wamelijibu. Jibu langu ni kwamba faradhi ya kifaya ni deni la jamaa, na deni la jamaa halimpi mtu haki ya kumwekea rehani mtoto wa mwenziwe. Mji unaruhusiwa kualika, kugharamia na kutukuza. Hauruhusiwi kufunga mlango. Ndiyo maana naona jambo moja dogo katika utaratibu wa sasa lina uzito kuliko majengo yote: kwamba aliyeingia Chuo cha Ufundi Arusha kwa cheti anaweza kupanda kwa stashahada hadi shahada ya uhandisi katika chuo hichohicho, ngazi kwa ngazi, bila kutubu kwanza kwa ajili ya ufundi wake. Ngazi hiyo ikivunjwa, au ikawa yapandika katika karatasi tu, tutakuwa tumeirudisha Phelps-Stokes kwa bendera yetu wenyewe.

Dini zetu, kwa upande wao, hazina udhuru hata mmoja katika dharau hii. Kurani inasimulia kwamba Nabii Daudi alilainishiwa chuma akafundishwa kutengeneza deraya, na Mtume akamtaja yeye alipowaeleza watu kwamba chakula bora ni kile kilichochumwa kwa mkono wa mlaji. Katika kitabu cha Kutoka, Bezaleli anajazwa roho ya Mungu, si ahubiri, apate akili ya kuchonga mti na kukata vito. Paulo alishona hema. Na juu ya seremala wa Nazareti sina haja ya kusema. Luther mwenyewe, katika waraka wake wa mwaka 1520 kwa wakuu wa Ujerumani, alimweka mshona viatu na mhunzi katika daraja moja na kasisi, kila mmoja na kazi yake. Lakini mwenye kusema kweli kuliko wote, kwa uchungu wake, ni Yoshua bin Sira, ambaye katika sura ya 38 ya hekima yake anawaeleza mchonga mihuri, mhunzi aliyekaukiwa na joto la tanuri, na mfinyanzi anayezungusha gurudumu kwa miguu, akakiri kwamba bila wao mji haukaliki. Kisha akaongeza kwamba pamoja na hayo hawaitwi katika baraza wala hawaketi kwenye kiti cha hakimu. Yeye aliyaona hayo kuwa ndiyo desturi ya dunia, akaridhika nayo. Mimi siridhiki. Katika kamati zinazoamua kozi gani ifundishwe chuo gani huketi maofisa, wahasibu na wawakilishi wa wafadhili. Fundi anayeshika spana huonekana siku ya maonyesho, amevaa ovaroli mpya, akipigwa picha.

Na fundi angeitwa angesema jambo ambalo Ibn Khaldun alilisema katika Mukaddima: kwamba ufundi ni sifa inayojikita nafsini kwa kurudia tendo tena na tena, na kwamba kuona kwa jicho kunaikita zaidi kuliko kusikia habari. Mafundi wa Arusha wanaochukua Land Cruiser, wakaikata fremu, wakairefusha, wakaipasua paa ili mtalii asimame atazame simba, wengi wao hawakujifunza hayo katika jengo lolote la serikali; walikuwa wanagenzi wa mtu aliyekuwa mwanagenzi wa mtu. VETA imefanya jambo la hekima ilipoanza kurasimisha ujuzi wa watu kama hao, kwa kuwapima pale walipo na kuwapa vyeti. Ningependa ipige hatua moja zaidi, iwalipe wawe walimu, na mwanafunzi wa chuo akae kwao muda mrefu kuliko zile wiki chache za mazoezi ambazo aghalabu huishia kufagia sakafu na kutumwa chai.

Ibn Khaldun aliongeza kwamba ufundi hustawi pale unapotakiwa, na kwamba mnunuzi mkubwa kuliko wote ni dola. Arusha iliwahi kuwa na kiwanda cha General Tyre, ambacho serikali ilikuwa mwenye hisa nyingi. Kilipoacha kuzalisha mwaka 2009, mikono iliyokuwa ikijua kuchanganya mpira na kuusubu ikatawanyika, na ujuzi wa namna hiyo haurithiwi kwa maandishi. Kwa hiyo serikali inayojenga chuo kwa mkono wa kulia, kisha kwa mkono wa kushoto ikaagiza ng'ambo kitanda cha hospitali ambacho TEMDO hukiunda palepale Njiro, imejilipa deni na kujikopa tena siku hiyohiyo.

Kuhusu fedha sina mengi. Waajiri hutozwa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo iliwahi kufika asilimia 6 ya mishahara wanayolipa na mwaka 2023 ikashushwa hadi asilimia 3.5, na si yote iendayo kwenye mafunzo ya ufundi. Mali iliyokusanywa kwa jina la kazi maalumu ni amana. Kuipeleka kwingine, hata kwingine kwema, kunahitaji idhini na maelezo, na maelezo hayo raia anayo haki ya kuyadai.

Nawasihi basi madiwani wa jiji na wa halmashauri ya Meru, pamoja na masheikh, mapadri na wachungaji wanaosikilizwa na wazazi kuliko waziri yeyote, kwamba kabla haijachorwa ramani ya chuo kingine katika mkoa huu, wamwite barazani fundi bomba anayehudumia kata ya Maji ya Chai, wampe kiti, na wamwulize amebakiwa na nani wa kumrithi.